Fundi wa Spika na Wimbo Uliokatwa

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na shamba la mtama kule Karungu, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Mtama ukianza kukomaa, ndege wadogo walikuja kwa wingi hadi unaona kivuli chao kinatembea juu ya shamba kabla hujawaona wenyewe. Kazi yangu ilikuwa debe. Unapewa debe kuukuu na kipande cha chuma, unakaa juu ya kichuguu, na ndege wakishuka unapiga: gwa! gwa! gwa! Wanaruka, wanaenda kwa jirani, na huko kuna mtoto mwingine na debe lake anawarudisha kwako. Mchana kutwa tulikuwa tunatumiana ndege namna hiyo.

Siku moja ndege walishuka na mimi sikupiga. Bibi alipokuja na uji alikuta masuke ya upande mzima yamebaki makapi. Akanitazama, akalitazama debe, akasema, "Maskini, mtoto alishikwa na usingizi." Akanipa uji, nikanywa. Lakini sikuwa nimelala. Nilikuwa macho makavu, nawaona wanakula, chuma kiko mkononi, nasema moyoni nitapiga sasa hivi, nitapiga sasa hivi. Mkono ulikataa tu. Na lile jambo la usingizi nililiacha hivyo hivyo. Bibi akaingia kaburini nalo.

Nilitaka kuandika juu ya Fundi, na ona, nimeanza na ndege. Mnisamehe. Shule niliiacha darasa la tatu, na tangu hapo hakuna aliyenifundisha mahali pa kuanzia. Lakini ndege si wa bure, mtaona.

Fundi ni yule fundi wa spika wa Migori. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, karibu na washona viatu, na kama uliwahi kuzika mtu au kufanya harusi upande wetu huu, basi sauti uliyosikia siku hiyo ilipita mikononi mwake. Jina lake nalijua, lakini ruhusa ya kuliandika sina, na mambo yalivyo sasa siwezi kuiomba. Kibanda siku hizi kinauza kofia. Watu wanasema yeye yuko Kisumu na binti yake, anaifungia bendi ya binti huyo spika. Mimi hajanipigia simu.

Kwanza niwaambie jinsi alivyokuwa akisikiliza. Alikuwa anauma bisibisi. Anashika mpini kwa meno, ncha anaigusisha kwenye sanduku la spika, anafunga macho, na ule mtetemo unampanda kwa meno hadi kichwani. Wateja walikuwa wanasimama kimya kama watu walioleta mtoto hospitalini. Halafu anatoa bisibisi, anaifuta kwa shati, anasema kwa sauti ndogo kabisa, "Huyu ana koili imelegea." Spika aliziita huyu na yule, kama watu.

Msidhani alikuwa malaika wa ufundi. Kuna mchungaji aliyeleta amplifaya inayokwaruza. Fundi akaiuma wiki nzima, akabadilisha hiki na kile, akasema ugonjwa huu ni wa ndani sana. Siku ya ibada ikafika, wakaiwasha, panya akatoka nyuma yake mbele ya kanisa lote. Akina mama wa soko walimwita Daktari wa Panya hadi wakachoka wenyewe. Yeye alikuwa anatabasamu tu na masharubu yake.

Na hilo ndilo lililonishangaza kwake, kwamba mtu anayeuza kelele aliongea chini hivyo. Ilibidi uiname ndiyo umsikie. Nyumbani kwake hapakuwa na redio hata moja. Mkewe, tuliyemwita Min Achieng, yaani mama yake Achieng, alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, na alikuwa anatuambia, "Mwenzenu anamwaga kelele yote mjini. Nyumbani ananiletea masharubu peke yake." Akicheka yule mama, hata mbwa anatikisa mkia.

Fundi alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliisema mara nyingi mpaka vijana wa kubeba waya wakawa wanamwigiza. "Usizime kitu kikiimba. Shusha kwanza." Maana yake ni hii: spika ikiwa inaunguruma kwa nguvu halafu ung'oe umeme ghafla, inapiga pu! na kifua chake kinaweza kupasuka. Lazima ushushe sauti polepole mpaka iwe kimya, ndipo uzime. Hiyo sheria aliipeleka kila mahali. Mimi nikigombana na mke wangu, nilikuwa naenda kwake nimevimba, naye ananisogezea kigoda na kusema, "Shusha kwanza, osiepna." Osiepna ni rafiki yangu kwa Dholuo. Aliniita hivyo tangu siku nilipoacha kuendesha trekta za miwa kule Awendo, mgongo uliponishinda, nikaja Migori kukaa kivulini kwa kibanda chake kama mtu aliyeajiriwa kunywa chai.

Sasa niseme habari ya muziki wa roki, kwa sababu najua mnajiuliza, mzee wa Migori na roki wapi na wapi.

Dereva mmoja wa lori kutoka Isebania alimwachia redio yenye kaseti ndani. Fundi akaiwasha ajaribu. Ikatoka sauti ya gita inayonguruma na kupasuka, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Fundi akasema, "Huyu amepasuka kifua." Akabadilisha spika. Bado. Akaifungua tena, akachomelea nyaya upya. Bado inapasuka vile vile. Jioni dereva akarudi, akamkuta Fundi amekaa katikati ya vipande, jasho linamtoka.

Dereva akasikiliza kidogo, akaanza kucheka hadi akashika ukuta. "Fundi! Wacha kuua redio yangu! Hiyo ndiyo muziki yenyewe!"

"Hii iliyoharibika?"

"Haijaharibika. Wanaiharibu makusudi. Wazungu wanalipa pesa kusikia hiyo, wanaruka mpaka wanalia."

Fundi akainama, akasikiliza tena. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Basi wameharibu vizuri."

Ile kaseti ilibaki kwake. Akatafuta zingine, na baadaye vijana wakawa wanamwekea kwenye simu. Lakini alikuwa anausikiliza ule muziki mzito, ule wanaouita metali, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Unapita nje ya kibanda husikii kitu. Unaingia, unainama, unakuta watu wanapiga mayowe humo ndani ya spika, wadogo kama siafu.

Achieng alikulia chini ya meza ile. Ndiyo maana sikushangaa alipoomba gita kabla ya kuomba viatu vya shule. Fundi akamtengenezea moja lililookotwa limevunjika shingo. Msichana akakua, akasoma, akapata kazi ya duka la dawa Kisumu, na siku za mapumziko akawa anapiga na bendi ya vijana wenzake, wote fulana nyeusi kwenye lile joto la ziwa. Fundi alijua anapiga gita. Lakini hakuwahi kumsikia akiimba. Shikeni hilo.

Kisha Min Achieng akaugua na hakukawia. Tulimzika nyumbani. Fundi alifunga spika mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na nyimbo zote siku hiyo zilikuwa zile za polepole za kanisa. Baada ya mazishi Achieng alimwendea baba yake mkubwa, kaka yake Fundi, akamuuliza mbele za watu, "Buru ya mama ni lini?"

Wasiojua, buru ni hivi. Mzee akizikwa kwetu, wanaume wanatoa ng'ombe dume wenye kengele, wanachukua fimbo na ngao na pembe, wanakimbia kwa kelele mpaka mpakani, wanapiga mayowe, wanachoma hewa kwa mikuki, wanarudi wakizunguka boma kwa vumbi. Wanakifukuza kifo. Kifo kikipokelewa kwa upole kinazoea.

Yule mzee akamjibu, "Buru ni ya wazee wanaume, nyathi, mtoto wangu. Mama yako ameombewa, inatosha. Sisi ni watu wa kanisa."

Achieng hakubishana. Aliniambia mimi baadaye, tukiwa tunaosha vikombe, "Baba mdogo, wameimba polepole mpaka kifo kimekaa kwa boma kama mgeni aliyewekewa chai."

Sasa nafika mahali ninapotaka kuzunguka, lakini sitazunguka.

Mwaka juzi Homa Bay walifanya tamasha la muziki kando ya ziwa, mambo ya mashua kushindana, ngoma za ohangla, kwaya, na mchana wakaweka bendi za roki kutoka Kisumu na Nairobi. Fundi akapewa kazi ya sauti. Bendi ya Achieng ilikuwa kwenye orodha. Wiki ile kabla ya tamasha Achieng alikuwa likizo, na Fundi alikuwa anashinda Isebania kwenye mkutano wa injili. Mimi nilikuwa nalinda kibanda. Mchana mmoja Achieng akafunga nusu ya mlango.

"Baba mdogo, usiogope. Nataka usikie kitu."

Akavuta pumzi. Halafu ikatoka kwa yule mtoto niliyemwona akitambaa sauti ya, niseme nini, ya fahali aliyechomwa mkuki. Nzito, inatoka ardhini. Kikombe kilinidondoka. Kuku wa jirani waliruka ukuta.

"Yawa! Nyathi, umemeza nini?"

Alicheka hadi akakaa juu ya amplifaya, kicheko cha mama yake kabisa. "Ni mimi tu! Inatoka huku chini, kwa tumbo. Koo linaguswa kidogo tu. Ukitumia koo unapoteza sauti wiki nzima. Hebu weka mkono kwa tumbo lako, jaribu."

Nikaweka, nikajaribu. Kilichotoka ni kikohozi cha mbuzi mzee. Washona viatu waliita kutoka nje, "Mzee, uko sawa huko?" Tulicheka sana.

Halafu akashuka kwenye amplifaya. "Ni wimbo wa mama," akasema. "Walimnyima buru. Mimi nitampelekea. Homa Bay, mbele ya watu, na spika kubwa. Lakini usimwambie baba. Nataka asikie siku hiyo, kwa spika zake mwenyewe."

Nikaahidi. Kwa hivyo ni mimi peke yangu niliyejua. Sauti niliijua, na wimbo niliujua ulikuwa wa nani.

Siku ya tamasha jua lilikuwa kali, na harufu ya samaki wa kukaanga ilijaa kila mahali. Fundi alikaa kwenye meza yake ya vitufe katikati ya watu. Mimi niliwekwa nyuma karibu na hema la wageni, niangalie jenereta na mafuta. Na ndani ya hema lile walikuwa wakwe zangu. Mama mzazi wa mke wa mwanangu alikuwa kiongozi wa kwaya iliyoimba asubuhi, mama mzito, kitambaa cheupe kichwani. Nyinyi mnajua wakwe kwetu. Mbele ya mkwe hata maji unakunywa kwa adabu. Nilikuwa nimevaa koti kwenye joto lile kwa sababu yake.

Bendi ya Achieng ikapanda. Nyimbo za kwanza watu walitazama na kucheka cheka, ngoma zinapiga kifua, gita linanguruma. Vijana waliotoka mbali wamevaa nyeusi walisogea mbele, wakaanza kukimbia kwa duara, wanasukumana, wanainuana wakianguka, vumbi linapanda. Na mimi nikiwa pale kwa jenereta nywele zilinisimama, maana hilo duara nilikuwa nimeliona. Niliwahi kuliona Karungu, ng'ombe na wanaume na vumbi lile lile.

Ndipo Achieng akafungua mdomo na ile sauti ikatoka.

Kwetu huku, mwanamke akiongea na sauti isiyo yake, ikiwa nzito namna ile, watu wana jina moja tu la kumwita. Mkwe wangu alisimama, kiti kikaanguka.

"Juogi! Ameingiwa na mapepo! Mtoto anakufa mnaangalia! Nani anashika umeme? Zima!"

Akina mama wengine wakainuka, mikono juu, wanakemea. Fundi aliona vurugu, akaacha meza yake, akaja akikimbia kati ya watu. Sijawahi kumwona akikimbia. Uso umekuwa rangi ya majivu.

"Osiepna!" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake niliisikia bila kuinama. "Hiyo ni sauti ya nani? Ni yeye ama si yeye?"

Mkwe wangu amesimama nyuma yake, ananitazama mimi.

Neno lilikuwa dogo. Ni yeye. Lakini nikaona jinsi itakavyokuwa: umejuaje, mzee? Uko na hawa watu? Ulifungiwa kibandani na msichana anayenguruma? Nikasema moyoni nitasema sasa hivi. Fundi alisubiri. Hilo ndilo linaloniumiza, alinisubiri. Alinitazama mdomoni kama mtu anayesubiri spika itoe sauti. Halafu akaona hakuna kitu, akainama, akashika waya mkubwa na kuung'oa.

Pu!

Spika zote zilipiga mara moja, halafu kimya. Mpiga ngoma aliendelea kidogo, akaacha. Achieng alibaki mdomo wazi, na bila umeme sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja kwenye uwanja. Watu wakacheka. Mkwe wangu akasema, "Asante Yesu." Na Achieng akamwona baba yake amesimama na waya mkononi.

Aliweka gita kwenye sanduku lake, akashuka. Hakurudi Migori. Simu ya baba yake hakuishika siku ile wala baadaye.

Jioni tukikunja nyaya, yule mpiga ngoma alikuja kuchukua vyuma vyake. Alikuwa na adabu. "Mzee, ile ni sauti yake. Wanaimba hivyo. Ilikuwa buru ya mama yake. Ilikuwa imebaki kidogo tu iishe."

Fundi alikaa juu ya spika. "Nimevunja sheria yangu kwa mtoto wangu," alisema. "Nilimsikia akilia siku aliyozaliwa, na leo sikumjua sauti."

Na mimi, jamani, na mimi nikamshika bega nikamwambia, "Hukujua, ndugu yangu. Nani angejua?"

Baada ya hapo alibadilika. Spika mbili zilizopasuka aliweza kuzitengeneza, akatengeneza moja. Nyingine aliitundika ukutani na tundu lake. Kazi za matanga alianza kuzikataa. Ule muziki wake akaufungua sasa kwa sauti kubwa, anauma bisibisi, anasikiliza waimbaji mmoja mmoja, anajifunza kumtambua huyu na yule. Akina mama wa soko wakaja juu.

"Fundi! Hiyo mashetani yako inafukuza wateja wa nyanya!"

"Si mashetani, mama," anajibu chini chini. "Ni watoto wa watu."

Kila aliposikia kuna tamasha la roki, Kisumu, Nakuru, popote, alikwenda. Anabeba waya bure, anakaa nyuma ya jukwaa kama mlinzi, na waimbaji wakishuka anawauliza, mwanangu, hiyo sauti inatoka wapi? Walimpenda. Walimwita Mzee wa Waya. Alikuwa anarudi na vumbi la huko kwenye viatu, anakaa, ananisimulia.

Siku moja alirudi macho yanang'aa. "Osiepna, leo nimeelewa. Unajua inatoka tumboni? Koo linaguswa tu."

"Kweli?" nikasema.

"Weka mkono tumboni. Jaribu."

Nikaweka mkono tumboni, nikatoa tena kile kikohozi cha mbuzi. Alicheka, jambo la nadra. Mimi nilicheka naye. Ile chai ya siku hiyo niliimwaga nyuma ya kibanda.

Mnaweza kuuliza, kwa nini hukumwambia? Nilijiambia atapona. Nilijiambia yamepita, na mzee mwenzangu nikimwambia nitamuumiza zaidi. Maneno ya aina hii hayaishi, ukiyatafuta unayapata kila asubuhi. Ukweli ni kwamba kigoda changu kilikuwa pale, na nilikipenda.

Mwaka huu tamasha likarudi Homa Bay. Yule mpiga ngoma akampigia Fundi simu: wanakuja, na wimbo ule utapigwa kuanzia mwanzo, na Achieng amesema kama baba anataka kufunga sauti, afunge. Hakusema zaidi. Fundi hakulala vizuri, nilijua kwa macho yake. Alinunua waya mpya. Aliipeleka meza yake ya vitufe karibu kabisa na jenereta, na jenereta akaizungushia mbao kama zizi, pasiwe na mkono utakaofika. Akaniweka mimi mlangoni mwa zizi. "Wewe ndiye ninayekuamini," akasema.

Achieng alipanda amekonda kidogo. Alimtazama baba yake mara moja, akainama kwenye gita. Wimbo ukaanza. Vijana wakaanza lile duara lao. Na ile sauti ikatoka, nzito zaidi ya mara ile, na hema la wageni likanyanyuka tena, mkwe wangu mbele, kitambaa cheupe.

Fundi alimgeukia, mkono mmoja uko kwenye kitufe. "Mama," alimwambia, "huyo ni mtoto wangu. Anampelekea mama yake buru."

Mkwe akasimama hapo alipo. "Buru?"

"Buru."

Mzee mmoja nyuma ya hema alisikia hilo neno. Alikuwa na fimbo ya kutembelea. Akainuka, akainua fimbo juu kama mkuki, akaingia kwenye lile duara la vijana wenye nyeusi akikimbia kwa magoti yake mabovu, anapiga mayowe. Vijana wakamfungulia nafasi, wakakimbia naye. Vumbi likafunika jukwaa. Mkwe wangu alikuwa analia.

"Sasa kwa nini mara ile hakuna aliyetuambia?" akauliza.

"Hakuna aliyejua, mama," Fundi akasema. Na akanigeukia, masharubu yanacheka, machozi yanapita humo humo, kama mtu anayefanya mzaha na rafiki yake. "Osiepna! Ni yeye ama si yeye?"

"Ni yeye," nikasema.

Ningeishia hapo. Alikuwa ameshageuka. Lakini nilikuwa nimeona lile duara, na yule mzee na fimbo yake, na mkono wangu ukapiga debe.

"Hata mara ile nilijua. Alinionyesha kibandani, wewe uko Isebania. Aliniambia ni ya mama yake."

 Nilifikiri labda hakusikia kwa ile kelele. Aliendelea kutazama vitufe vyake. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, mpaka pale Achieng alipoacha na gita likabaki linanguruma peke yake, na Fundi akalishusha. Alilishusha polepole sana. Hukuweza kusema ni wapi sauti ilikwisha na upepo wa ziwa ukaanza.

Ndipo akanitazama.

"Na ile ya tumbo?"

"Niliijua pia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Alitoa pamba aliyokuwa ametia masikioni kupunguza kelele, akaiweka juu ya zizi la mbao, mbele yangu. Akaenda jukwaani. Sikusikia alichomwambia Achieng wala alichojibiwa. Niliona tu amechukua sanduku la gita, amelitia begani, na wote wawili wakaanza kupanda kuelekea barabarani, yeye mbele, binti nyuma yake. Niliita, "Fundi!" Achieng aligeuka. Yeye hakugeuka. Walipita wauza samaki, wakapita mashua zilizopakwa rangi, wakaingia kati ya watu, na tangu hapo hajarudi.

Jenereta ilikuwa bado inanguruma, na hakuna aliyeniambia niizime.